Vipande vya kiwandani: nitajuaje kama ni pamba au poliesta kabla sijashona?

Fundi_Mishomoroni

Salaam aleikum ndugu zangu.

Nilikaa miaka tisa kwenye meza ya kukatia katika kiwanda kimoja cha EPZ, yaani eneo la viwanda vya kuuza ng'ambo, upande wa Jomvu hapa Mombasa. Kazi ilikuwa kutandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, sitini na zaidi, kisha mkasi wa umeme unapita. Kati ya mguu wa suruali na mguu wa suruali lazima kibaki kipande: pembetatu, au kama mundu, au kama ulimi wa ng'ombe. Kinaangukia chini ya meza. Jioni ufagio unapita, vinashindiliwa guniani, lori linakuja. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza lori linakwenda wapi.

Mwaka jana mkataba uliisha. Nikarudi Mishomoroni, nikanunua cherehani tatu, na sasa nina wasichana wawili ninaowafundisha kazi. Vipande vile vile nilivyokuwa nikivikanyaga ndivyo ninavyonunua leo kwa dalali mmoja Magongo, shilingi 35 kwa kilo. Tunashona mifuko, mazulia ya mlangoni, foronya na vishikio vya sufuria.

Mwezi wa Machi hoteli moja ya pwani ya kaskazini iliniagiza vishikio 60. Nilichagua kwa mkono wangu vipande vinene, laini, ambavyo ningeapa ni pamba. Katikati nikatia leso kuukuu zilizokunjwa mara nne. Baada ya wiki mbili mpishi mkuu akanipigia simu, akaniomba niende. Alikitoa kimoja akakiweka mezani mbele yangu bila neno. Upande mmoja ulikuwa umeyeyuka ukawa ganda jeusi linalong'aa, na katikati ya ganda kuna alama ya mpini wa sufuria, imejichora kama muhuri kwenye nta. Kijana mmoja wa jikoni alikuwa ameungua vidole viwili.

Niliwarudishia pesa zao zote, nikavichukua vishikio, na yule kijana nikaenda kumjulia hali kwao Kisauni. Mamake alinipa chai. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Miaka tisa nimeshika kitambaa kutwa, na mkono wangu ukanidanganya.

Sasa naomba msaada. Nitajuaje kipande ni cha nini, ilhali hakina lebo wala pindo? Na kuna mtu ameniambia nisipoteze muda, huu uchumi wa mzunguko wa nguo, yaani nguo na mabaki kutumika tena badala ya kutupwa, unataka mashine ya kufumulia vitambaa virudi kuwa nyuzi, ndiyo nitafute mkopo nikanunue. Ni kweli? Tena kuna mnunuzi wa Ujerumani ameonyesha nia ya mifuko yangu lakini anataka karatasi ya kuthibitisha kwamba ni kitambaa kilichorejelezwa. Karatasi hiyo inatoka wapi?

Wakala_Kilindini

Dada, pole sana, na mpe pole kijana.

Mimi ni mtu wa kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo nitasema la upande wangu tu. Kabla ya pamba na poliesta, muulize huyo dalali wa Magongo vipande vyake vilitokaje getini. Kwa mambo ya ushuru, eneo la EPZ linahesabiwa kana kwamba liko nje ya Kenya. Jora linaingia bila ushuru kwa sababu suruali itasafirishwa ng'ambo. Sasa kipande kilichobaki kikitoka kuja kwetu, kisheria kimeingia nchini kama kilivyoingia kitu kutoka meli. Ndiyo, hata hicho cha umbo la mundu.

Utaratibu upo na si wa kutisha. Kiwanda kinaandika barua kuomba kuuza mabaki, afisa wa forodha anakuja kuona na kupima uzito, thamani inakadiriwa, ushuru unalipwa, ndipo gunia linapata kibali cha kutoka. Viwanda vingi huona ni usumbufu kwa kitu cha thamani ndogo, wanamwachia mtu mmoja azoe vyote kwa pamoja. Hapo ndipo dalali anapopatia nafasi.

Ushauri wangu: omba nakala ya karatasi za ushuru za kila mzigo unaonunua, ziweke kwenye faili. Ukisimamishwa njiani na tuktuk imejaa vitambaa vipya visivyo na risiti, utaeleza nini? Na huyo Mjerumani swali lake la kwanza litakuwa hilo hilo, kitu kimetoka wapi.

Babu_Pamba

Binti yangu, nimeisoma habari yako mara mbili. Hukudanganywa na mkono wako. Siku hizi poliesta inasuguliwa uso mpaka inatoa manyoya laini kama pamba, na mimi mwenyewe niliyefanya kazi ya kusokota nyuzi Kisumu tangu ujana, kisha nikanunua mabaki hapa Mombasa zaidi ya miaka ishirini, siamini vidole vyangu peke yake. Naamini moto.

Fanya hivi. Tia mchanga kwenye sufuria kuukuu, washa mshumaa, na magunia yako yakae mbali. Kwenye kipande chomoa nyuzi mbili, moja ya mtande, inayokwenda urefu wa kitambaa, na moja ya mshindio, inayokatiza upana, usichome moja tu ukaridhika. Shika uzi kwa koleo ndogo, si kwa vidole. Pamba inadaka moto mara moja, inanuka karatasi inayoungua, ukiuzima mwali kunabaki kaa jekundu linatembea, na majivu yake ni ya kijivu, ukiyagusa yanapeperuka. Poliesta inaukimbia moto kwanza. Inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha punje ngumu ambayo hata ukiisaga kwa kucha haipondeki. Sufu inanuka nywele. Uzi wa mchanganyiko ndio mjanja: unawaka kama pamba, unanuka kama pamba, lakini papasa majivu yake utakuta punje ndani. Huo usiuweke karibu na sufuria ya mtu hata siku moja.

Kwa nini uuangalie mshindio kando na mtande? Kwa sababu ya jinzi inayovutika. Mtande wake aghalabu ni pamba tupu, ule wa buluu. Mshindio mweupe ndani yake mna uzi mwembamba wa spandeksi uliovikwa pamba. Uvute taratibu kisha uachie, utarudi kama mpira.

Sasa hiyo mashine. Mwanangu, usichukue mkopo. Mashine ya kufumulia ina ngoma yenye meno, inachana kitambaa mpaka kirudi kuwa pamba ya kusokota, lakini katika kuchana inakata. Pamba nzuri mpya nyuzi yake ina urefu wa milimita 28 hivi. Ikishapita kwenye meno inatoka vijipande vijipande, haishikani yenyewe, lazima uichanganye na pamba mpya ndipo uzi usimame. Hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba mashine haijui kutenganisha. Ukiilisha gunia la mchanganyiko itakutolea mchanganyiko, na spandeksi itajizonga kwenye meno hadi uisimamishe uikate kwa kisu.

Miji iliyotajirika kwa kazi hii, Prato kule Italia na Panipat kule India, ukiitazama utaona kazi kubwa iko kwa watu waliokaa chini wanachambua, mashine inafuata baadaye. Prato wanafanya hivyo kwa sufu tangu karne ya 19. Wanatenga aina, kisha wanatenga rangi. Nyekundu na nyekundu, buluu na buluu, ili uzi ukitoka uwe na rangi yake tayari na wasilipie kutia rangi tena.

Kwa hiyo nisikilize. Kipande kikiwa mezani kwako Jomvu, kilikuwa na jina. Jora lilikuja na karatasi yake: pamba asilimia kadhaa, spandeksi asilimia kadhaa, upana, uzito. Kila mtu kiwandani alijua. Kilipofika guniani na wenzake wa aina tano, jina lilipotea, na kitambaa kisicho na jina bei yake ni ya godoro. Mimi hapa Mwembe Tayari pamba nyeupe safi iliyotengwa nainunua shilingi 70 kilo, na haikai siku mbili. Gunia la mseto fundi wa magodoro ananipa 20, tena kwa kunionea huruma. Ni kitambaa kile kile, kimetoka chini ya meza ile ile.

Rudi kwa waliokufahamu huko. Omba vipande kabla havijachanganywa. Moto ni wa kuhakikisha tu, usiwe ndio njia yako ya kwanza, maana huwezi kuchoma uzi wa kila kipande katika gunia la kilo 40.

Mama_Kamera_Kongowea

Shikamoo Babu. Shoga wa Mishomoroni, pole mwaya.

Niongeze la mitumba, maana watu wakizungumza mzunguko wa nguo wanatusahau sisi, na sisi ndio tumeuzungusha tangu mama zetu. Robota langu ni kilo 45. Nikilifungua, kamera, yaani nguo bora kabisa, inaondoka asubuhi hiyo hiyo, wateja wangu wanaijua siku. Inafuata ya kawaida. Mwisho inabaki fagia, zile duni zilizokosa mnunuzi, na fagia inazidi kukua mwaka hadi mwaka. Kule Ulaya tangu tarehe 1 Januari 2025 nchi za Umoja wao zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine. Ni jambo jema, lakini shati la kutupwa likikusanywa vizuri halijageuka kuwa shati zuri, na mwisho wa safari yake naufungua mimi.

Lakini fagia yangu ina kitu ambacho kipande chako hakina. Lebo. Ukigeuza ubavu wa fulana utakuta imeandikwa, kwa sababu kule zilikotoka sheria inawalazimisha kuandika nguo imetengenezwa kwa nini. Mimi na wanangu jioni tunakata fagia: fulana za pamba tunazifanya matambara ya gereji, tunaondoa mishono, vifungo na zipu, tunafunga kilo kilo. Makanika wa Changamwe wananunua, na mabaharia wa mashua wananunua. Niliwahi kuwachanganyia poliesta bila kujua, wakanirudishia. Fundi mmoja akanionyesha: tambara la poliesta linasukuma mafuta tu, halinywi. Tangu siku hiyo nasoma lebo.

Jaketi za poliesta na gauni za kung'aa zilizochanika ndizo sina pa kuzipeleka. Zamani zingeishia Kibarani, pale kando ya njia ya kuingilia kisiwani. Siku hizi gari la taka linazipeleka Mwakirunge. Kila nikiona mkokoteni unazibeba moyo unaniuma, kwa sababu nililipia uzito wake bandarini, na nalipia tena kuutupa.

Ukitaka fulana za pamba nyeupe za kutia ndani ya vishikio badala ya leso, njoo Kongowea unione. Leso zenyewe siku hizi ziangalie, nyingine ni poliesta tupu.

Ubora_Jomvu

Habari zenu. Niko ofisi ya ubora katika kiwanda cha nguo, kwa hiyo nijibu la karatasi ya Mjerumani.

Muulize kwanza anataka kuandika nini kwenye lebo. Kama anataka kusema mfuko umeshonwa kwa mabaki ya kiwandani, anachohitaji ni ushahidi wa chanzo: karatasi za forodha alizotaja Wakala, barua ya kiwanda, na rekodi yako ya kilo zilizoingia na mifuko iliyotoka. Kama anataka kusema uzi wenyewe umerejelezwa, hilo ni jambo jingine. Hapo wengi hutumia kiwango cha GRS (Global Recycled Standard, cha bidhaa zilizorejelezwa) cha shirika la Textile Exchange. Ili bidhaa iingie kwenye kiwango hicho lazima iwe na angalau asilimia 20 ya malighafi iliyorejelezwa, na ili ibebe nembo yao mbele ya mteja iwe na angalau asilimia 50. Kila anayefumua, anayesokota, anayefuma na anayeshona anakaguliwa, na kila mzigo unatembea na cheti chake kutoka mkono hadi mkono. Mkusanyaji wa vipande hahitaji cheti, lakini lazima atoe tamko la maandishi kuhusu alichokusanya na alikokitoa. Vipande vya kiwandani vinakubalika, mradi visiwe vile ambavyo kiwanda kingevirudisha kwenye kazi ile ile.

Anachosema Babu ni kweli hata kwenye ripoti kubwa. Mwaka 2017 wakfu wa Ellen MacArthur ulieleza kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo duniani inarudi kuwa nguo mpya. Na hapa kwetu Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotokea. Kwa hiyo ukienda kuomba kiwandani, usiende kama mtu anayeomba fadhila. Unawasaidia kutimiza wajibu wao.

Jambo moja la usalama: poliesta inayeyuka kwenye nyuzi joto 260 hivi. Foronya haitafika huko. Sufuria kavu juu ya gesi inafika.

Fundi_Mishomoroni

Shikamoo Babu. Ahsanteni nyote. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilitaka nirudi na jambo mkononi.

Kwanza nilikaa uani na sufuria ya mchanga nikapima vishikio vyote 60, kila kimoja nyuzi mbili. Wasichana wangu walishika daftari. Pamba tupu vilikuwa 6. Mchanganyiko 31. Poliesta tupu 23. Vile vya mchanganyiko ndivyo vilivyonitisha, maana kwa harufu peke yake ningevipitisha.

Kisha nikaenda Jomvu kuonana na msimamizi wa ukataji, tuliyeanza naye kazi mwezi mmoja. Nilimwambia kuhusu magunia matatu, la pamba, la inayovutika na la poliesta. Akakataa, na sababu yake ni ya kweli: wakataji wanahesabiwa vipande kwa saa, hakuna atakayetembea kutoka gunia hadi gunia ilhali laini ya ushonaji inamngoja. Nikanyanyuka kuondoka. Nilipofika mlangoni nikasimama kuangalia meza yangu ya zamani. Walikuwa wamemaliza mkato mmoja wa jinzi ya buluu na sakafu imejaa buluu tupu. Hakuna kingine. Mkato mmoja ni jora la aina moja, tabaka zote, kwa hiyo chini ya meza vipande havijachanganyika bado! Vinachanganywa na ufagio wa jioni, unaokokota wa meza hii mpaka wa meza ile.

Nikarudi nikamwambia: sitaki mkataji aguse lolote. Nataka mfagiaji apite kila mkato unapokwisha, badala ya jioni, na karatasi ya jora aibane kwa pini kwenye mdomo wa gunia. Alifikiri kidogo akasema hilo linawezekana kwenye meza mbili, tujaribu mwezi mmoja. Nimekubali kununua kwa shilingi 55 kilo, na sehemu ya nyongeza iende kwa wale mama wawili wanaofagia, kwa sababu kazi yao imekuwa mara tano kwa siku. Hilo nimeomba liandikwe kwenye barua.

Wakala, barua ya forodha imeshapelekwa. Afisa alikuja, magunia yamepimwa, tunangoja ushuru ukadiriwe. Dalali wa Magongo hana karatasi hata moja, nimeacha kununua kwake. Mama Kamera, nilifika kibandani kwako Jumamosi nikakuta umefunga, nitarudi nichukue kilo kumi za fulana nyeupe.

Hotelini nimepeleka vishikio sita vipya, jinzi ya pamba tupu nje na fulana ndani, baada ya kushika navyo kikaango cha chapati nyumbani mpaka mkono ukachoka. Mpishi mkuu amevipokea kwa majaribio bila malipo. Yule kijana vidole vimepona, ngozi mpya ni nyeupe kidogo. Alichukua kimoja, akakigeuza, akanusa, akasema atakitumia yeye.

Limebaki moja. Gunia la jinzi inayovutika linajaa haraka kuliko mengine yote, maana suruali nyingi siku hizi ndizo hizo. Kwa mifuko linafaa, lakini mifuko haitalimaliza. Babu, nitakuletea kilo 40 Alhamisi baada ya Alasiri, na karatasi yake ya jora ikiwa imebanwa juu. Nataka fundi wa magodoro aone asilimia zilizoandikwa kabla hajataja bei.